Mgeni akisema "under the weather" na "rain check" hali mvua haipo: misemo ya Kiingereza hukamatwa vipi?

Nahodha wa Dunga

Habari zenu wadau.

Mimi naendesha boti ya wageni hapa Dunga, Kisumu. Nawapeleka kuona viboko, ndege wa kwenye mafunjo, wavuvi wakirudi na nyavu alfajiri, na machweo kwa wale wanaopenda kutoka jioni. Kiingereza nakielewa. Nilikisoma mpaka kidato cha nne, na nikiulizwa kuhusu mbuta, ngege, magugu maji au upepo wa alasiri, najibu bila kukwama. Kinachonikwamisha ni misemo.

Juzi nilikuwa nimepatana na mume na mke kutoka Uingereza tutoke saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na moja na nusu niko ufuoni, petroli nimeshatia, jaketi za kujiokolea nimezipanga kwenye viti, ujumbe ukaingia kwenye simu. Nauweka hapa kama ulivyokuja:

"Morning! My wife's a bit under the weather so we'll have to take a rain check on the boat. Maybe Friday, but let's play it by ear."

Nyota zilikuwa zimejaa angani na ziwa limetulia tuli. Nikausoma tena. "Weather" naijua. "Rain" naijua. "Ear" ni sikio. Neno moja moja hakuna linalonishinda, lakini yakikaa pamoja sikujua kama safari imekufa, imeahirishwa, au wananiuliza kama itanyesha. Mwenzangu wa boti ya pili akasema hao wameona mvua kwenye simu yao, niwatulize. Sikuridhika. Nimeamua kuuliza kabla sijawajibu.

Sitaki tafsiri ya ujumbe huu peke yake. Nataka kujua mtu hujifunza vipi mambo haya mpaka ayaelewe papo hapo, injini ikinguruma na mgeni akiongea huku anatazama kwingine. Kuna kijitabu nilinunua mjini chenye orodha ndefu ya misemo na maana zake, nimekisoma chote, na hakuna hata mmoja ulionijia kichwani siku niliyouhitaji. Mnisaidie.

Mapokezi Milimani

Kaka, pole na petroli. Kwa haraka kabla hujawajibu: mke hajisikii vizuri, leo hawaji, Ijumaa huenda wakaja lakini bado hawajaamua.

Niko mapokezi ya hoteli, na "rain check" naisikia sana, hasa kwa Wamarekani. Nikuambie ukweli wa kazi: wengine hurudi, wengine ndiyo basi. Ni namna ya kukataa bila kumuumiza mtu. Usiwawekee boti Ijumaa ukaacha wateja wengine. Waandikie hivi: "Sorry to hear that, I hope she feels better soon. Friday is fine. Please confirm by Thursday evening so I can keep the boat for you." Imekaa kwa heshima, na imewapa mwisho wa kuamua.

Mwalimu Mstaafu Kakamega

Nahodha, salamu kutoka Kakamega. Nilifundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule za sekondari za huku na Vihiga mpaka nikastaafu, na swali lako ndilo nililotamani wanafunzi waniulize. Niruhusu niseme kwa kirefu kidogo.

Anza na Kiswahili chako mwenyewe. Mtu akikuambia "mzee yule amekula chumvi nyingi," hufikirii chakula chake. Akisema jirani "amemwaga unga," hufikirii sufuria ya ugali. Nani alikufundisha? Hakuna aliyekukalisha na orodha. Jirani alifukuzwa kazi, ukamwona yuko nyumbani siku ya kazi, ukasikia watu wakisema amemwaga unga, na tangu siku hiyo neno lile lina sura ya mtu na sababu. Ndiyo maana halikupotei. Kile kijitabu kilikupa neno na maana yake lakini hakikukupa jirani. Usijilaumu kwamba haukukujia.

Sasa tuurudie ujumbe wa mteja wako, maana una utajiri mwingi. Wewe umeyatazama maneno makubwa, "weather", "rain" na "ear", nayo ndiyo yanayopotosha. Tazama madogo.

"A bit" inakuambia kipimo: kidogo. Halafu inakuja "so". Hiyo ni kiunganishi cha sababu na matokeo, unaijua tangu shule ya msingi. Kilichotangulia kimesababisha kinachofuata. Na kilichotangulia kinamhusu nani? Mke. Mke ana jambo dogo, kwa hiyo kuna kitu kimetokea kuhusu boti. Jambo dogo gani humpata mke mmoja asubuhi likazuia safari ya watu wawili? Mvua ingewapata wote wawili, na asingesema "my wife's". Bila kamusi, umeshafika kwenye ugonjwa mwepesi: mafua, tumbo, uchovu wa safari.

"Have to" inaonyesha jambo la kulazimika, si la kupenda. Kisha "Maybe Friday". Mtu anayetaja siku nyingine hazungumzii mvua ya leo, anazungumzia kuahirisha. Kisha "but", ambayo inaipunguzia Ijumaa nguvu. Kwa hiyo "play it by ear" lazima iwe kitu kinachofanya Ijumaa isiwe ahadi. Umeona? Viunganishi vimekupa karibu maana yote, na misemo yenyewe imebaki kuthibitisha tu. Hii ndiyo njia ninayoiamini: usikimbilie msemo, soma vilivyoushika pande zote mbili.

Ukishaipata maana, historia husaidia kuishikilia. "Rain check" imetoka kwenye besiboli ya Marekani, karne ya 19. Mvua ikivunja mchezo, mtazamaji alibaki na kipande cha tiketi cha kumwingiza siku nyingine. Hadi leo duka la Marekani likiishiwa na bidhaa iliyopunguzwa bei linaweza kukupa karatasi yenye jina hilo, uje uinunue baadaye kwa bei ile ile. "Play it by ear" ni ya wanamuziki: kupiga bila nota zilizoandikwa, unafuata sikio. Wapiga nyatiti wa huko kwenu hawapigi kwa karatasi. Wanasikiliza, wanaangalia watu wamechangamka kiasi gani, wanaendelea au wanabadilisha. Mteja wako anasema Ijumaa wataangalia hali ilivyo ndipo waamue.

Tahadhari tu na historia hizi. Nyingi zinazosambazwa mitandaoni zimetungwa baadaye ili zipendeze. Zitumie kukumbukia, usizitegemee kuelewa.

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Lakini usiandike "under the weather, mgonjwa". Andika sentensi nzima aliyoisema mtu, alikuwa nani, mlikuwa wapi, na kilichotokea baada ya hapo. Hicho cha mwisho ndicho watu husahau, nacho ndicho shahidi mkubwa. Mgeni akisema neno usilolijua kisha wenzake wakacheka, au akanyamaza, au akatoa pochi, umepata nusu ya maana.

Lipo jambo moja ambalo orodha hazilisemi, nalo linaweza kukuharibia kazi: nani anaweza kuambiwa nini. Vijitabu vyote vina "kick the bucket", maana yake kufa. Ni kweli. Lakini ni sawa na sisi kusema mtu "amekata kamba". Utasema hivyo kijiweni. Kwenye matanga, mbele ya mjane, utasema "ametuacha" au "ameaga dunia". Mgeni akikuambia baba yake amefariki, mwambie "I'm sorry to hear that" basi. Msemo unaweza kuuelewa leo na usiutumie kwa mwaka mzima, na hakuna ubaya. Kuelewa ni haki yako mapema, kutumia kuna wakati wake.

Na ukiutumia usiubadilishe. Sisi husema "amekula chumvi", hatusemi "amekula sukari". Aliyelewa "amepiga maji", hajagonga maji. Kiingereza kiko hivyo hivyo. Wakati wa kitenzi unabadilika, na mwenye jambo anabadilika, kama kwenye "pull my leg" na "pull his leg" (kumtania mtu), lakini maneno ya ndani yamefungwa.

Neno la mwisho, kwa wazazi wanaosoma hapa. Watoto wetu wamefundishwa kujaza insha kwa "it was raining cats and dogs" na "as fit as a fiddle" kwa sababu mtihani wa darasa la nane ulizipa alama. KCPE imekwisha tangu 2023 lakini tabia imebaki. Mtoto huyo akikutana na mgeni wa Nahodha, hatasikia "cats and dogs" hata mara moja. Atasikia "rain check". Wapeni watoto misemo ambayo watu wanaisema kweli.

Binti wa Section 58

Shikamoo Mwalimu. Mimi niko Nakuru, kazi yangu ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika, mtandaoni: mikutano, mahojiano, simu za biashara, nyingi za Marekani. Nakubaliana nawe kuhusu "so" na "but", ila kuhusu orodha tunapishana kidogo.

Wamarekani wanaongea besiboli kutwa. "Ballpark figure" (makadirio), "touch base" (kuwasiliana kwa kifupi), "cover all the bases" (kutoacha jambo lolote nje), "out of left field" (kitu kisichotarajiwa). Sisi tumekulia kwenye mpira wa miguu. Mtu akisema "own goal" au "they moved the goalposts", hata mtoto wa Kaptembwo anaelewa. Lakini uwanja wa besiboli hatuna kichwani, kwa hiyo picha haiji hata ukikaza macho. Nilichofanya ni kutafuta maelezo ya mchezo wenyewe: nani anakimbia, "base" ni nini, "left field" iko wapi. Baada ya hapo zote zikaja pamoja kama familia. Kwa hiyo orodha ikipangwa kwa chanzo, mimi naiona ina faida. Orodha ya A mpaka Z ndiyo bure.

Waingereza nao wana kriketi, "knocked for six" (kushtushwa vibaya na jambo) na wenzake. Kenya tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi 2003, kwa hiyo muulize mzee yeyote aliyefuatilia siku zile "six" ni nini, atakueleza vizuri kuliko kamusi.

Nahodha, kwako wewe unayesikiliza na injini, jua kwamba maana mara nyingi iko kwenye sentensi INAYOFUATA. Mtu akisema "just give me a ballpark", sekunde mbili baadaye utasikia mwenzake akijibu "forty, maybe fifty thousand". Umeshajua ni makadirio. Usigande kwenye neno ulilokosa ukapoteza na linalofuata. Acha lipite, shika la mbele, kisha rudi nyuma.

Na angalieni nchi. Kwenye mkutano wa Waingereza, "let's table this" ni kuileta hoja ijadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuiweka kando. Maneno yale yale, maana zinagongana. Kila faili nikilifungua, kitu cha kwanza nasikiliza wanatoka wapi.

Zinazoniogopesha zaidi ni zile zisizoonekana kama msemo. "Tell me about it." Mgeni mmoja analalamikia jua, mwenzake anamjibu "tell me about it!" Hataki asimuliwe chochote. Anasema "hata mimi nalijua hilo, limenichoma pia." Ukianza kumweleza habari za jua la Kisumu atakushangaa. Ipate kwenye sauti: inashuka mwishoni, haipandi kama ombi.

Mwalimu Mstaafu Kakamega

Marahaba, mwanangu. Hoja ya kupanga kwa chanzo naipokea, ni nzuri. Na "tell me about it" ingenichukua kipindi kizima darasani, wewe umeimaliza kwa mistari michache.

Nahodha wa Dunga

Asanteni sana, sana. Nimewajibu kwa maneno ya dada wa mapokezi na mume akanishukuru.

Mwalimu, daftari nimenunua na nimeanza kuandika kama ulivyosema, sentensi nzima na kilichofuata. Nimegundua wageni wangu wana misemo mingi ya boti, nami niko ndani ya boti, kwa hiyo sijui lini wanasema boti yangu na lini wanasema mambo yao. Hizi ni za hivi karibuni:

Mama mmoja alimwambia mumewe, "It's our anniversary, let's push the boat out." Tulikuwa ufuoni bado. Mume akacheka, akaniuliza kama naweza kuwapeleka hadi machweo badala ya saa moja tu.

Kijana alisimama kupiga picha ya kiboko, dada yake akampigia kelele, "Don't rock the boat!" Akakaa.

Mzee mmoja aliniuliza kama kuna mgeni wangu aliyewahi kuanguka majini. Nikasema hapana. Akasema, "Good. Touch wood," akagonga ubavu wa boti kwa vifundo vya vidole, ko ko ko, kisha akanitazama kama ananisubiri nami nigonge. Boti yangu ni ya mbao. Nikagonga.

Na kuna waliosema kuhusu safari ya Kisiwa cha Ndere, nilipowatajia bei, "We'll cross that bridge when we come to it." Kwenda Ndere hakuna daraja.

Mwalimu Mstaafu Kakamega

Nahodha, daftari lako limeshaanza kufanya kazi. Ona ulivyoandika la kwanza: umeweka "anniversary" na umeweka alichofanya mume. Majibu yamo humo. "Push the boat out" ni kutumia pesa zaidi ya kawaida kwa sababu ya sherehe. Ni ya Waingereza hasa. Ukiisikia, ndiyo saa ya kutaja safari ndefu na samaki wa kukaanga ufuoni, maana mteja ameshaamua kutumia.

"Don't rock the boat" ya yule dada ilikuwa boti kweli, wala usitafute maana nyingine. Alikuwa anamtaka kijana akae. Msemo huo ukiusikia ofisini au kwenye mazungumzo ya siasa ndipo unakuwa kuvuruga mambo yaliyotulia. Kipimo chako ni hiki: je, kuna kitu mbele ya macho yenu kinacholingana na maneno? Kijana amesimama, boti inayumba, basi ni boti. Wakiwa wamekaa wanaongea habari za kazi zao za Uingereza halafu "boat" ikatajwa, si yako. "We missed the boat" ni kukosa nafasi. "In the same boat" unaielewa tayari, sisi tunasema tuko jahazi moja. "Whatever floats your boat" ni "fanya linalokufurahisha", nayo ina ujeuri kidogo, usimwambie mteja.

"Touch wood" ulifanya vyema kugonga. Mtu akishataja bahati yake kwa sauti, wanagusa mbao ili isiharibike. Wamarekani husema "knock on wood". Watu wa Pwani wangetia mashallah hapo. Huhitaji kuamini lolote. Mzee alikuwa anakuonyesha urafiki, nawe ukaupokea.

Mapokezi Milimani

Niongeze la daraja, maana nalisikia kila siku mtu akiulizwa habari ya malipo. Hawajakataa Ndere na hawajakubali. Wanasema hilo wataliamua likifika. Usiendelee kuwashawishi ndani ya boti, wataona unawabana. Mkishafika ufuoni waandikie kwenye simu: bei, muda wa kwenda na kurudi, idadi ya watu, na kwamba ada ya kuingia hifadhini hulipwa kando. Wakitaka, watakuwa na kila kitu mkononi.